Jibu Sahihi, Chupa Nyingine



 Ninyi mnaotusoma kila mwezi mnaijua nyumba yetu. Sisi ni mawifi wawili tunaokaa ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, pamoja na watoto wetu na meza moja kubwa ya mvule tuliyoachiwa na mzee wetu. Juu ya meza hiyo tumekata nguo za kushona, tumekanda unga wa maandazi na tumehesabu michango ya kikundi chetu cha akina mama. Lakini miaka hii meza imetekwa na wanafunzi wa chuo, na sisi wenye nyumba tunasubiri zamu yetu.

Wanafunzi wenyewe ni watatu. Wa kwanza ni binti yetu, anayesomea uuguzi. Wa pili ni mtoto wa wifi, kijana anayejiandaa kuwa mwalimu wa biolojia. Wa tatu ni binti wa jirani yetu wa chini, anayesoma utawala wa biashara. Yeye huja baada ya sala ya Isha, kwa sababu kwao kuna wadogo wengi na mwanga ni hafifu. Kila mmoja huja na maswali ya chuo, yale wanayoyaita asaimenti, na mara nyingi hukaa mpaka usiku wa manane.

Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya maswali hayo. Yametufunza jambo ambalo hatukulitegemea, na lilianza kwa aibu ndani ya nyumba yetu wenyewe.

KARATASI SITA SAFI

Ilikuwa jioni moja ya masika. Tulipokuwa tukifuta meza tuliona kazi ya binti yetu, karatasi sita zilizopigwa chapa vizuri, na jina lake juu ya ukurasa wa kwanza. Tulifurahi, maana tulijisemea kwamba ada tunayoihangaikia haipotei bure. Shangazi yake aliichukua, akaketi karibu na dirisha, akamwita.

"Njoo mwanangu, nieleze hili swali la kwanza. Mimi miwani yangu haioni vizuri."

Binti alisimama pale, akaangalia karatasi, akaangalia sakafu. Hakusema neno. Shangazi alidhani hajasikia, akarudia. Ndipo machozi yalipoanza kumtoka.

"Shangazi, sikuifanya mimi."

"Aliifanya nani basi?"

"Nimemlipa mtu. Shilingi elfu ishirini."

Wasomaji wetu, tulinyamaza wote. Fedha hizo alizipata kwa kutembea kwa miguu kutoka chuoni, nauli ya daladala akiiweka kidogo kidogo. Ndiyo maana kwa wiki kadhaa alikuwa akifika nyumbani jioni sana, miguu imejaa vumbi, nasi tukidhani masomo yamezidi.

Tulikuwa karibu kumgombeza. Lakini tulimwona bado ana jambo jingine moyoni, tukamwacha aseme. Alilotuambia ndilo lililotukosesha usingizi usiku ule.

DAWA YA MTOTO WA KILO 12

Mojawapo ya maswali yale sita lilikuwa la hesabu ya dawa. Mtoto ana homa, uzito wake ni kilo 12. Daktari ameandika parasetamoli ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Je, muuguzi atampa mililita ngapi?

Jibu alilolinunua lilikuwa sahihi. Unazidisha 15 kwa 12, unapata miligramu 180. Kisha unagawa 180 kwa 120, unazidisha kwa 5, unapata mililita 7.5. Mtu aliyelipwa alijua kazi yake, na binti alisoma lile jibu mara mbili tatu, namba ikamkaa kichwani: kilo 12, mililita 7.5.

Wiki ile ile alikuwa wodini kwa mafunzo ya vitendo. Akaletwa mtoto mwenye homa. Akampima: kilo 12. Moyo wake ukafurahi, maana jibu alikuwa nalo. Akachukua chupa, akavuta dawa mpaka mililita 7.5, akamwendea mama aliyempakata mtoto.

Sista wa wodi alikuwa nyuma yake. Alimshika mkono taratibu, bila kelele, akamwambia, "Soma chupa." Chupa ile haikuwa ya miligramu 120. Ilikuwa ile nzito zaidi, miligramu 250 katika mililita 5. Mtoto yule alistahili mililita 3.6 tu. Angepewa mililita 7.5 angemeza miligramu 375, zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Pengine dozi moja isingemdhuru sana. Lakini dawa ya homa hurudiwa, na kipimo kama kile kikirudiwa kila baada ya saa sita, ini la mtoto mdogo linaweza kuharibika, na mtoto kufa.

"Mama," binti alisema, "jibu langu lilikuwa sahihi. Lakini lilikuwa la chupa nyingine."

Maneno hayo tumeyakumbuka kila siku tangu pale. Mtu akinunua jibu hupata namba. Njia ya kufika kwenye namba hiyo inabaki kwa aliyeuza, na wodini chupa hubadilika, uzito hubadilika, mtoto hubadilika. Mwenye njia hufika tena. Mwenye namba peke yake hana la kufanya.

Tunawaomba akina mama wenzetu msiitumie hesabu hii kujipimia dawa nyumbani. Fuateni maelezo ya mfamasia au mhudumu wa afya, na someni maandishi ya chupa yenu kila mara. Tumeiandika ili mwone jinsi swali la karatasini linavyokuwa mtoto wa mtu.

USIKU ULE MEZANI

Hatukulala mapema. Tulimwambia binti kwamba kesho yake ataikabili aibu yake chuoni, lakini usiku ule tutakaa naye afanye maswali yale yote upya. Alituangalia kwa mshangao. "Nyinyi mtanisaidia vipi? Haya ni ya chuo." Alikuwa na haki ya kuuliza. Mmoja wetu aliishia darasa la saba, mwingine kidato cha pili.

Shangazi akamjibu, "Sisi hatujui majibu. Kazi yetu ni kuuliza. Wewe tueleze mpaka tuelewe. Tusipoelewa, ujue na wewe hujaelewa."

Basi tukaanza na swali la pili, la mtoto anayeharisha. Kwa nini maji ya chumvi na sukari humsaidia, na kwa nini chumvi peke yake haitoshi? Binti alianza kusoma kwa sauti kutoka katika daftari, maneno marefu ambayo hata yeye yalimkwama kooni. Tukamsimamisha. "Sema kama unamwambia mama wa Jang'ombe aliyekuja na mtoto mgongoni."

Akafikiri. Kisha akasema hivi. Mtoto anapoharisha, mlango wa chumvi katika utumbo hauharibiki wote. Kuna mlango mmoja unaobaki wazi, lakini chumvi haipiti hapo mpaka ishikane mkono na sukari. Vikipita pamoja, maji nayo hufuata nyuma yake na kuingia mwilini. Ukimpa maji matupu, mengi hupita yakatoka. Kwa hiyo sukari ile haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Ndiyo inayofungua mlango.

Tulielewa, na sisi tumelea watoto saba kwa maji hayo bila kujua sababu yake. Akaendelea kutueleza kwamba mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari mmoja wa India aitwaye Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi yenye kipindupindu. Dripu zilipomwishia, alichanganya chumvi na sukari katika mapipa na kuwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu wagonjwa 30 katika kila 100, vilishuka mpaka chini ya 4.

Hapo Shangazi akauliza swali ambalo halikuwamo katika karatasi. "Ile pakiti tunayopewa hospitali, mimi huichanganya kwenye chupa yoyote ya maji niliyonayo. Ni sawa?"

Binti alishtuka. Pakiti ya kawaida ni ya lita 1 kamili. Mama akiimimina katika chupa ya nusu lita, maji yanakuwa na chumvi maradufu, na chumvi ikizidi mtoto huzidi kukauka na anaweza kushikwa na degedege. Akiimimina katika chupa ya lita moja na nusu, dawa inakuwa hafifu. Tena ziko pakiti nyingine ndogo zilizopimwa kwa maji machache, kwa hiyo lazima kusoma maandishi kwanza. Na pale pakiti inapokosekana, kipimo ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha na si vya kulundika, katika lita 1 ya maji safi. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Akilegea, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, hospitali mara moja.

Tuliangaliana. Suala la chupa lilikuwa limerudi tena, na safari hii kosa lilikuwa letu sisi wazee. Binti yetu alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

MBUNG'O WALIOONDOKA UNGUJA

Kijana wetu wa biolojia, aliyekuwa amejifanya hasikii, akasogeza kiti. Yeye hakuwa amenunua kazi. Alikuwa amenakili sura nzima ya kitabu, jambo ambalo ni ndugu wa lile la kwanza. Swali lake lilikuwa: eleza njia ya kutumia madume tasa katika kuangamiza wadudu waharibifu, na useme inafaa wapi. Akatusomea habari za nzi wa vidonda vya ng'ombe katika kisiwa cha Curaçao mwaka 1954, na jinsi Wamarekani walivyofaulu.

"Na hapa kwetu?" tukamwuliza.

"Hapa kwetu nini?"

Vijana wa siku hizi! Ilibidi sisi tumweleze. Zamani ng'ombe wa Unguja waliteswa na ugonjwa wa nagana unaoletwa na mbung'o. Wafugaji walipoteza maziwa, mimba za mifugo na ng'ombe wenyewe. Kisha katika miaka ya 1990 tukasikia ndege ikipita angani ikimwaga mbung'o juu ya kisiwa, na watu walishangaa: tunataka waondoke, nao wanatuongezea!

Kijana akaenda kutafuta habari zake, na siku ya tatu alirudi mezani uso ukimng'aa. Mbung'o walifugwa Tanga, madume yakapigwa mionzi ili yasiweze kuzalisha, kisha yakaachiliwa Unguja kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Jumla yao ilipita milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa mtoto mmoja mmoja, si mayai mamia kama nzi wengine. Akipandwa na dume tasa, hazai tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimetakaswa.

Tukamwuliza tena, kama ilivyokuwa desturi yetu sasa. "Mbona basi Bara wasifanye hivyo hivyo, wamalize mbung'o wote?"

Hapo ndipo alipoona kwamba sura aliyoinakili haikuwa na jibu. Akakaa, akaandika mwenyewe. Unguja kulikuwa na aina moja tu ya mbung'o, na Bara ziko nyingi. Unguja imezungukwa na bahari, kwa hiyo waliokufa hawakuweza kufuatwa na wageni kutoka pori la jirani. Na kabla ya madume tasa kuletwa, idadi ya mbung'o ilikuwa imekwisha kupunguzwa kwa kuwapaka ng'ombe dawa na kutundika vitambaa vyenye sumu, ili madume tasa wawe wengi kuliko wa porini. Ukiondoa moja ya sababu hizo, hesabu yote hubadilika.

Mwalimu wake aliandika pembeni ya kazi ile kwamba amefurahi kusoma habari za nyumbani. Kijana ameibandika karatasi hiyo ukutani.

NGUVU TANO NA KAMBA YA MWANI

Binti wa jirani alikuwa na swali la mkakati wa biashara. Mwalimu mmoja wa Marekani, Michael Porter, aliandika mwaka 1979 kwamba faida ya biashara husukumwa na nguvu tano: washindani waliopo, washindani wapya wanaoweza kuingia, bidhaa mbadala, uwezo wa wanunuzi, na uwezo wa wanaokuuzia vifaa. Swali lilitaka achague biashara moja aichambue. Yeye alikuwa amechagua kampuni kubwa ya soda ya Marekani, kwa sababu majibu yake yako tayari kila mahali. Hata simu yake, alituambia, ukiiuliza kwa akili mnemba itaandika kurasa tatu kabla chai haijapoa.

"Bibi yako wa Paje anafanya kazi gani?" tukamwuliza.

"Analima mwani."

"Basi mchambue bibi yako."

Alicheka, akadhani ni mzaha. Lakini alipoanza hakuweza kunyamaza, maana mambo hayo ameyaona kwa macho tangu utoto. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, baada ya utafiti wa miaka mingi wa wasomi wetu kama Profesa Keto Mshigeni. Wakulima wengi ni wanawake. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, huzitandaza kamba baina ya vijiti maji yanapokupwa, na baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Mwani mkavu hupelekwa ng'ambo, ukatolewa karajinani, ute unaowekwa katika dawa ya meno, aiskrimu na mafuta ya kujipaka.

Akapanga nguvu zake tano mezani, akitumia vikombe vyetu vya chai. Wanunuzi ni wachache na wauzaji ni maelfu, kwa hiyo bei hupangwa na mnunuzi, na bibi huambiwa tu. Washindani ni Indonesia na Ufilipino, wanaozalisha mwingi kuliko sisi. Bidhaa mbadala zipo, kwa kuwa kiwanda kinaweza kutumia ute mwingine. Mlango wa kuingia ni mpana, maana kamba na vijiti havihitaji mtaji mkubwa. Na mara nyingi anayemkopesha mkulima kamba ni yule yule anayenunua mwani wake. Hapo alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo bibi amebanwa pande mbili," alisema.

Mtoto wa wifi akaingilia kati na biolojia yake. Kuna aina mbili za mwani, na ile yenye bei nzuri haivumilii joto. Maji ya pwani yamepata joto, na aina hiyo imekuwa ikifa katika maeneo mengi, ikiacha ile ya bei ndogo. Kuihamishia kwenye kina kirefu inawezekana, lakini kunahitaji chombo na kujua kuogelea, na wakulima wengi wanawake hawakufundishwa kuogelea. Binti yetu wa uuguzi naye akaongeza ya afya: mgongo wa kuinama saa nyingi, macho yanayochomwa na mwanga wa jua juu ya maji, miguu inayochomwa na miiba ya viumbe vya baharini. Vijana watatu wa vyuo vitatu walikuwa sasa wanajibu swali moja.

Na mkakati je? Binti akaandika kwamba bibi hawezi kuishinda Indonesia kwa wingi. Njia yake ni kuacha kuuza mwani mtupu. Tangu mwaka 2006 mtafiti Dkt. Flower Msuya na wenzake wamekuwa wakiwafundisha wakulima wa Zanzibar, kwa umoja unaoshughulikia mwani, kusaga na kutengeneza sabuni, mafuta na vyakula. Pale Paje kuna kituo cha wanawake kinachotengeneza sabuni za mwani na kuwauzia wageni. Kipande kimoja cha sabuni, chenye unga kidogo tu wa mwani ndani yake, kinaweza kupata bei inayopita ile ya kilo nzima ya mwani mkavu. Lakini hapo pia hakuficha shida: wageni wanaonunua sabuni hawatoshi wakulima wote, na walipotoweka mwaka 2020 kwa sababu ya korona, waliotegemea wageni peke yao waliumia.

Hayo yote hayakuwamo katika majibu ya kampuni ya soda. Chupa hiyo nayo ilikuwa nyingine.

KWENU AKINA MAMA

Tunajua wengi wenu mna vijana vyuoni, Unguja, Pemba, Bara na hata ng'ambo. Tunajua pia kwamba kazi za kuuzwa zipo kila mji, na simu zinazoandika zipo kila mkononi. Sisi hatuwezi kusimama mlangoni kwa kila duka. Lakini kuna mambo machache tuliyoyajaribu katika nyumba yetu, na tunawaachia.

Kwanza, mwombe mtoto akueleze. Usione haya kwamba hukusoma. Kutojua kwako ndiko kunakomsaidia, maana mbele yako hawezi kujificha nyuma ya maneno makubwa.

Pili, akimaliza kueleza, badilisha kitu kimoja. Kama mtoto ana kilo 12, mwambie ana kilo 9. Kama ni kisiwa, mwambie ni Bara. Aliyeelewa atakokotoa upya. Aliyekariri atakwama, na afadhali akwame mezani kwako kuliko wodini.

Tatu, mwambie atafute mfano wa nyumbani. Vitabu vingi vimeandikwa mbali. Lakini bahari yetu, mifugo yetu na hospitali zetu zina mifano mingi, na mwalimu aliyechoka kusoma majibu yale yale ataifurahia.

Nne, simu itumike kama kamusi au kama rafiki wa kumwuliza. Isiandike badala yake. Na anachoambiwa nayo akihakikishe, kwani nayo haiioni chupa iliyo mkononi mwake.

Tano, na hili ni gumu zaidi, chunguza kwa nini amenunua. Tulipomwuliza binti yetu vizuri, hakuwa mvivu. Alikuwa na woga. Kila jioni tulimwuliza, "Umepata ngapi?" Hatukuwahi kumwuliza, "Umejifunza nini leo?" Tulimfanya atafute namba, naye akaenda kuinunua. Sehemu hiyo ya kosa tumeibeba sisi, na tumemwomba radhi.

Kesho yake binti alikwenda kwa mwalimu wake akasema kweli. Shangazi alimsindikiza mpaka lango la chuo, akamsubiri nje chini ya mwembe. Alipewa sifuri kwa kazi ile, akaonywa kwa maandishi, na akapewa maswali mapya ya kufanya mbele ya mwalimu. Alipata 58 katika 100. Ni alama ndogo kuliko ile ambayo angepewa kwa karatasi sita safi, lakini kila moja ameipata kwa jasho lake.

Sasa yuko mwaka wa mwisho. Juzi alitoka zamu ya usiku, akaketi mezani na kikombe cha chai, akatuambia kwamba kulikuwa na mwanafunzi mpya wodini aliyekuwa akivuta dawa ya mtoto. Yeye alisimama nyuma yake.

"Ukamwambia nini?" tukauliza.

"Nilimwambia asome chupa."

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Meza ikiwa na nafasi.